Mama Lifti na kurasa za dada yake

Ni asubuhi, ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa, na watu wanane wamebanana ndani ya lifti inayobeba sita. Mwanamke aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango hainui hata uso. Anasema tu, kwa sauti ya kawaida, "Wawili washuke, tafadhali. Narudi kuwachukua sasa hivi."

Hakuna anayeshuka. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Mwanamke anakunja mikono, anasubiri.

"Mimi sina haraka," anasema. "Nalipwa nikiwa nimekaa hapa hapa."

Mwanamume mwenye tai anacheka, anashuka. Msichana mwenye bahasha anamfuata. Geti la chuma linavutwa, mkono wa shaba unasukumwa kushoto, na lifti kongwe inaanza kupanda kwa mtikisiko, kama mtu aliyeamshwa usingizi haujamwisha.

Huyu ndiye Mama Lifti. Jina lake halisi wapangaji wengi wa jengo hili la ghorofa tisa hawalijui, na mwenyewe alishaacha kuwasumbua nalo. Ana umri wa miaka hamsini na minne. Lifti anayoiendesha ni ya zamani, ya kushikwa kwa mkono, na wenye jengo wamekuwa wakiahidi kuibadilisha tangu yeye hajaota mvi.

Abiria wa mwisho anashuka ghorofa ya nane. Wanabaki wawili tu, yeye na mwandishi wa makala haya. Mama Lifti anaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia shingoni, anatoa kishikwambi chenye kona iliyobonyea, anavaa miwani na kuanza kusoma. Midomo yake inacheza kidogo.

"Ni dada yangu," anasema bila kuulizwa. "Yuko mbali. Ananipa habari za nyumbani kwetu."

Dada huyo, anayempita kwa miaka mitatu, aliondoka zamani kidogo kwenda nchi ya watu kumtunza bibi mmoja mgonjwa. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Ukaongezwa, ukaongezwa tena. Bibi yule bado yu hai, na dada bado yuko kando ya kitanda chake, anamgeuza, anamlisha, anamwogesha.

Bibi akilala, dada huandika. Kuna tovuti ya wanawake wanaofanya kazi mbali na kwao, wanaandikiana kwa Kiswahili mambo ya huko waliko na ya huku walikotoka. Yeye huandika habari za utoto wao: nyumba ya vyumba viwili, paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha wasichana, mama yao na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, na kitabu kimoja cha hadithi ambacho ndugu hao wawili walikisoma kwa pamoja.

"Dada alikuwa anakaa upande wa taa, mimi nakaa mbele yake," anakumbuka Mama Lifti. "Kwa hiyo mimi herufi nilizijua zikiwa kichwa chini. Mwalimu alipoona nageuza kitabu darasani akadhani nina kasoro."

Simu wanapigiana, lakini si kama zamani. Saa za huko na za huku haziendani, na dada akipata nafasi huwa amechoka. Wanaulizana afya, wanaulizana watoto, salio linakwisha.

"Kwenye simu ananiambia yuko salama," anasema. "Kwenye maandishi ndiyo anaongea."

Tatizo lilikuwa kuyafikia hayo maandishi. Simu yake ni ile ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Mumewe, fundi bomba, ana simu ya kisasa, lakini huondoka nayo alfajiri kwenda kazini na kuirudisha jioni haina chaji, kioo kina nyufa, na maandishi yake ni madogo kiasi cha kumtoa Mama Lifti machozi.

"Nilimwambia anunue redio," anasema mumewe, tulipomkuta nyumbani akifunga uzi kwenye koki. "Redio inajisomea yenyewe. Hakunisemesha siku nzima."

Aliyemwokoa kwa muda alikuwa mhasibu mmoja mwanamke, mpangaji wa ghorofa ya tano. Ilianza kwa maneno ya kawaida. Mhasibu alimkuta akisoma ukurasa wa gazeti la zamani aliokuwa ameuokota sakafuni, akashangaa anavyousoma bila kukwama, akamuuliza alisoma hadi wapi.

Mama Lifti akamweleza. Baba yao alikuwa ameshafariki. Mama akawaita wote wawili jioni moja, akasema ada iliyopatikana ni ya mtoto mmoja. Dada alikuwa anakaribia mtihani wa mwisho. Yeye alikuwa nyuma yake, na kwa kweli darasani alikuwa akifanya vizuri kuliko dada.

"Dada alianza kulia, anasema basi aache yeye," anasimulia. "Nikaona hili halitakwisha leo. Nikasema mimi shule siipendi, inaniumiza kichwa, nataka kukaa na mama nijifunze kushona. Nikacheka na kucheka. Mama aliniangalia tu. Dada aliamini."

Hakushona. Kazi ya kushona ilimtosha mama peke yake, na cherehani ilikuwa moja. Alikwenda kufua nguo za watu, baadaye akapata kazi ya kufagia ngazi za jengo hili. Mzee aliyekuwa akiendesha lifti alipostaafu, wakamkalisha kwenye stuli yake.

Mhasibu alisikia hayo yote kati ya chini na ghorofa ya tano, kwa vipande, wiki nzima. Alipojua kuna dada anayeandika, akatafuta tovuti kwenye simu yake. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anafungua ukurasa akiwa bado mlangoni, kwa sababu ndani ya lile sanduku la chuma mtandao haushiki, kisha anasoma kwa sauti wakipanda.

"Tuliishia wapi?" angeuliza.

"Mama amepoteza sindano," Mama Lifti angejibu.

Wapangaji wengine wakaanza kusikiliza. Wakili wa ghorofa ya pili alikuwa anajikuta amepitilizwa hadi ya tano, halalamiki. Siku moja alisikika akiuliza ngazini kama ile sindano ilipatikana.

Halafu ofisi ya mhasibu ikahamia mtaa mwingine, kwenye jengo lenye lifti za kubonyeza.

"Siku ya kuhama alinikumbatia hapa ndani," anasema Mama Lifti. "Akasema, nunua kishikwambi chako. Nikamwambia nitanunua. Mlango ulipofungwa nikahisi kama nimefiwa."

Kununua ni neno jepesi. Mshahara wake ni mdogo, na ukitoa kodi ya chumba na chakula, kinachobaki ni cha kuhesabu kwa vidole. Akaanza kutembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, akaweka kando nauli. Ilimchukua karibu mwaka. Mumewe, yule wa redio, aliongeza kilichopungua bila kusema neno. Alikiacha juu ya meza kimefunikwa na sahani.

Jumamosi moja mchana, Mama Lifti akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda madukani.

Duka la kwanza lilikuwa na taa nyingi na kiyoyozi. Muuzaji alimwonyesha kifaa chembamba kama kigae, kinachong'aa, na kumwambia kinapiga picha hata gizani. Alipouliza bei alikirudisha mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Bei ile ilikuwa mishahara yake ya miezi minne.

La pili walimletea cha watoto, cha rangi ya waridi, kimevishwa mpira wenye masikio ya sungura. Bei aliiweza. Akaomba wamfungulie tovuti ya dada yake. Kifaa kikafikiri.

"Kilifikiri," anasema, "nikaona hapa ningeweza kupanda ghorofa ya tisa, nikashusha watu, nikarudi, bado kinafikiri. Nikamwambia yule kijana, hiki kinahitaji kupelekwa shule chenyewe."

Duka la tatu ndilo lililomsumbua moyo. Walikuwa na kifaa cha kusomea vitabu tu, kioo chake hakiwaki, ni kama karatasi. Alikishika akatoka nacho mlangoni juani, na herufi zikabaki pale pale, nyeusi, zimetulia. Macho yake hayakuuma hata kidogo. Hakuwa amejua, anasema, kwamba macho yake yalikuwa yakiuma siku zote hadi pale yalipoacha.

Lakini tovuti ya dada haikufunguka vizuri humo. Maneno yalipishana, picha zikaanguka juu ya maneno, na sehemu nyingine hazikuja kabisa.

"Nilikaa nacho muda mrefu," anasema. "Nilikitaka. Nikajiuliza, wewe umekuja kutafuta vitabu au umekuja kumtafuta dada yako? Nikakiacha. Bado nakikumbuka."

Miguu ilikuwa imeanza kumuuma alipofika kwa fundi wa simu, mwanamke wa makamo mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo jingine. Huyu anauza vifaa vilivyotumika, anavibadilisha betri na vioo, anaviuza na dhamana yake mwenyewe, ambayo ni kwamba yupo pale kila siku na hawezi kukukimbia.

"Unamtafutia mtoto?" fundi aliuliza.

"Mwenyewe. Cha kusomea."

"Unasoma nini?"

"Dada yangu."

Fundi akavuta stuli. "Kaa, shoga. Nieleze."

Mama Lifti akaeleza: mkono mmoja uko kwenye usukani wa lifti, kwa hiyo kifaa lazima kishikike kwa mkono mmoja. Taa ya ndani ni hafifu. Mtandao hakuna kuanzia mlango ukifungwa. Macho si ya msichana tena. Na asiambiwe habari za picha za gizani.

Fundi akamtolea vitatu. Kimoja kilikuwa kikubwa kama sinia, kikakataliwa papo hapo. Mama Lifti akashika cha pili kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mkono, akasimama hivyo.

"Unapima mchele?" fundi akauliza.

"Napima ghorofa tisa."

Mkono ukaanza kutetemeka, akakiweka chini. Cha tatu kilikuwa kidogo kwa kioo na chepesi, kona moja imebonyea, mgongoni kuna alama ya gundi ya mtu aliyewahi kubandika kitu. Akakinyoosha. Mkono haukutetemeka. Fundi akafungua tovuti, ikaja bila kuchelewa, akamwonyesha namna ya kutanua maandishi kwa vidole viwili na namna ya kuhifadhi kurasa ili zisomeke baadaye.

"Sasa zima mtandao," akasema Mama Lifti.

"Nikizima hutapata kipya."

"Zima. Nataka nione nitabaki na nini."

Fundi akazima. Ukurasa haukwenda popote. Kulikuwa na cherehani, kulikuwa na paa linalovuja, kulikuwa na jina la dada juu kabisa. Mama Lifti akasoma mstari mmoja kwa sauti, pale chini ya ngazi, watu wakipita juu ya vichwa vyao. Fundi anasema ameuza vifaa vingi lakini hajawahi kuona mteja akishukuru kifaa badala ya kumshukuru yeye.

Alilipa. Fundi akampunguzia kidogo kwa ajili ya ile kona, akamwekea kurasa zote za dada alizozipata, tangu ya kwanza.

Siku ya pili yake, Jumapili, Mama Lifti alikaa kwenye ukingo wa kitanda karibu na dirisha. Alitanua maandishi hadi maneno yakawa manne tu kwa mstari. Aliamua kuanza na zile alizokwisha kusomewa, ili azisikie sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Ule ukurasa wa sindano aliujua karibu wote kwa moyo. Mama anapoteza sindano, watoto wanapiga magoti kuitafuta, dada anaipata kwa kisigino. Lakini baada ya kisigino kulikuwa na aya ambayo hakuwahi kuisikia.

Anaifungua sasa na kumpa mwandishi aisome. Dada ameandika: "Mdogo wangu hakupenda shule. Aliiacha akiwa anacheka, na mimi nilimwonea wivu, kwa sababu alijua anachokitaka. Mimi nilisoma kwa hofu, yeye aliishi kwa furaha. Nikiwa peke yangu huku, huwa natamani ningekuwa na moyo mwepesi kama wake."

"Nilirudia," anasema Mama Lifti. "Nikadhani nimekosea kusoma. Nikatanua yakawa makubwa zaidi."

Mumewe alikuwa ndani. Anasema alimwona mkewe ameshika kile kifaa kifuani, kioo kimetazama ndani, anaangalia nje dirishani ambako hakukuwa na kitu isipokuwa nguo za jirani kwenye kamba. Akamuuliza kama kimeharibika.

"Hapana," mkewe akamjibu. "Kinafanya kazi vizuri sana."

Mhasibu tulimpigia simu. "Niliiruka aya ile," akakiri. "Nilifika pale nikainua macho. Ameshika usukani, anatabasamu, anasubiri niendelee. Na mimi alishaniambia ukweli wake. Ningemsomeaje? Nikaenda moja kwa moja kwenye aya inayofuata. Lakini nilijua ipo siku ataifikia mwenyewe."

Mama Lifti hamlaumu. Wala hamlaumu dada. Anasema uongo ule ulikuwa wake, aliutengeneza vizuri, na umedumu.

Lakini tangu siku ile anahisi kuna kitu kinampungukia. Si shule tu. Anasema anachokitamani ni kikao kile cha zamani, dada upande ule wa taa, yeye upande huu, na dada akijua aliyekaa mbele yake ni nani hasa. Miaka yote hii dada amekuwa akimpenda mtu mwingine kidogo, msichana mwenye moyo mwepesi ambaye hakuwahi kuwepo.

"Ninasoma, namwona mama, naiona nyumba, kila kitu ni kweli," anasema. "Nikifika kwangu, sipo."

Chini ya kila ukurasa kuna sehemu ya wasomaji kuandika. Wanawake wengine huandika pole, huandika hongera. Amejaribu mara kadhaa. Aliwahi kuandika "Dada, ni mimi," akaangalia maneno hayo kuanzia chini hadi ghorofa ya sita, kisha akayafuta kabla mtu hajaingia.

Hivi karibuni dada alipiga simu. Mama Lifti akamwambia amenunua kishikwambi na anasoma kila anachoandika.

"Umesoma vyote?" dada akauliza.

"Nasoma pole pole. Unaandika vizuri, dada."

"Sikujua kama unasoma. Ningejua ningeandika kwa uangalifu zaidi."

"Andika hivyo hivyo," akamjibu. Wakaulizana afya. Salio likaisha.

Msimamizi wa jengo amemruhusu kusoma kazini, mradi kishikwambi kirudi mfukoni abiria akiingia. Sharti hilo limekuwa gumu kulitekeleza, maana abiria wenyewe ndio wanaouliza wamefikia wapi. Wakili wa ghorofa ya pili amepitilizwa tena wiki hii.

Zipo habari kwamba lifti mpya itafungwa mwakani. Msimamizi anasema watamtafutia nafasi nyingine, pengine mapokezi. Yeye hazungumzii hilo sana. Ana mpango mwingine: kuna madarasa ya jioni ya watu wazima katika shule iliyo njiani kwake, na ameshauliza siku za kuanza. Anataka kurudi pale alipoachia, kwenye somo lile lile, aone kama kichwa kitamuuma kweli.

Na dada amesema mkataba huu ukiisha atakuja, hata kwa mwezi mmoja. Ameshawahi kusema hivyo. Mama Lifti ameamua kuamini safari hii pia.

Mwandishi anapomuuliza kama yaliyomo humu yote yaandikwe, na ile aya pia, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa shati la kazi, anafikiri.

"Kwenye simu siwezi," anasema. "Atalia, na bibi wa watu yuko pale anamsubiri. Lakini magazeti ya huku anayasoma kwenye mtandao, aliniambia. Kwa hiyo andika wewe. Andika niliipenda shule. Niliipenda sana. Andika kwamba sikumwambia kwa sababu angeiacha yeye, na mimi nilitaka aende."

Anavaa miwani tena.

"Mwambie asinipigie siku hiyo hiyo. Asome kwanza mpaka mwisho, atulie. Anipigie Jumapili mchana. Nitakuwa nimekaa dirishani, nitapokea."